Mgeni anayeishi Mwanza: anunue nyumba au aendelee kupanga?

Swali hili linaingia ofisini kwangu kila mara, na wanaolileta hawafanani. Kuna daktari Mjerumani wa Bugando, mhadhiri Mganda anayefundisha Malimbe, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kisumu, injinia wa mgodini Geita aliyeiweka familia yake Isamilo. Wamekaa mwaka au miwili, wamechoka kulipa pango, na dalali keshawatembeza Luchelele akawaonyesha kiwanja chenye ziwa mbele na mawe nyuma. "Wakili, ninunue au niendelee kupanga?"

Kama wewe si raia na unachotafuta ni mahali pa kuishi tu, sheria ilishakujibu tangu 1999. Utapanga. Cha kujadili ni mkataba utakaopanga nao, na watu wanaumia hapo kwa sababu akili zote wamezimalizia kutafuta upenyo wa kununua.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitishwa chini ya sheria ya uwekezaji. Nyumba ya kulala wewe na watoto wako si uwekezaji. Hata huyo mwekezaji mwenyewe hapewi hati kama ninayopewa mimi: hati inakaa kwa jina la mamlaka ya uwekezaji (zamani TIC, tangu 2025 ni TISEZA), naye anapewa haki ya kutumia ardhi hiyo kwa mradi wake. Na chini ya sheria ya uwekezaji ya 2022, mradi wa mgeni ulitakiwa kuwa na mtaji usiopungua dola 500,000. Usinune sana, lakini. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini, na mimi Msukuma wa Magu kiwanja changu ninacho kwa hati ya miaka, iwe 33, 66 au 99.

Wateja wangu wa Kenya na Uganda huwa wana swali la nyongeza: si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki? Tuko. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 15 imeliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo kwenye ardhi, mtu wa Kisumu na mtu wa Berlin wako kwenye foleni moja. Kufungua kampuni nako hakusaidii ikiwa hisa nyingi ni za wageni, maana sheria inaihesabu kampuni hiyo kuwa mgeni vilevile. Ya Zanzibar yaacheni Zanzibar. Kule wana sheria yao ya apatimenti ya 2010, na ardhi si jambo la Muungano.

Sasa tuje kwenye upenyo wenyewe. "Nitanunua kwa jina la rafiki yangu, tuandikishane pembeni." Hili ndilo limenijazia makabati. Nina mteja aliyejenga Buswelu kwa mtindo huo. Kiwanja kwa jina la rafiki, hela zote zake, na karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Walielewana vizuri kwa miaka. Halafu rafiki akafariki. Baada ya arobaini wakaja ndugu na barua ya usimamizi wa mirathi, wakaikuta nyumba kwenye orodha ya mali za marehemu, na kisheria walikuwa sahihi kabisa. Ile karatasi ya pembeni nimeisoma mara kadhaa nikitafuta pa kushika. Imeandikwa wazi kuwa fulani amenunua kwa niaba ya fulani "kwa kuwa sheria haimruhusu". Yaani ushahidi wa mteja wangu unaanza kwa kukiri kosa! Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha makubaliano yenye lengo lisilo halali, na hakuna hakimu atakayekukabidhi nyumba kwa karatasi ya aina hiyo. Tulichoweza kufanya ni kukaa na mjane, tukaomba mteja wangu aishi pale kama mpangaji mpaka ajipange. Mjane alikuwa muungwana. Wengine hawakuti muungwana.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, tafadhali, haugeuzi kitu haramu kuwa halali. Unaonyesha tu kwamba mwenyekiti alikuwepo.

Na hicho kiwanja cha ufukweni ambacho dalali anakisifia hata raia akinunue kwa tahadhari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chukua futi kamba, anza majini, upande kuelekea kwenye kile kibanda cha kupumzikia ulichoonyeshwa. Kisha kumbuka ukingo wenyewe hautulii: Mei 2020 kimo cha Ziwa Victoria kilipita rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, na mtu aliyekuwa na bustani akajikuta na mwalo wa kuegeshea mitumbwi.

Basi tupange, lakini tupange kwa akili.

Kabla ya kulipa hata shilingi, jua nyumba ni ya nani. Omba nakala ya hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Huko utaona kama nyumba imewekwa rehani benki. Ikiwa imewekwa, uliza kama benki inajua inapangishwa, kwa sababu mnada ukifika mpangaji ndiye wa kwanza kutafutiwa gari la kuhamishia vitu. Kama mwenye nyumba amefariki na anayepangisha ni mtoto wake, dai barua ya msimamizi wa mirathi. Nyumba nyingi nzuri za Capri Point na Isamilo ni za kizazi kilichopita, ndugu wako watano na kila mmoja ana namba ya simu ya kupokelea pango. Kama mwenye nyumba ana mke au mume na hiyo ni nyumba ya ndoa, saini ya mwenzake iwepo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuipangisha bila ridhaa ya mwingine.

Pango litajwe kwa shilingi. Zamani mgeni alikuwa anatajiwa dola papo hapo, lakini kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwenye nyumba atataka miezi sita au mwaka mzima mkononi. Jadiliana ulipe mitatu mitatu, au ukilipa mwaka mkataba useme utarudishiwa nini kibali chako cha kazi kisipohuishwa. Kipengele hicho sijawahi kukiona kwenye mikataba ya kununua stationari, na ndicho mgeni anachokihitaji kuliko vyote.

Lipia ushuru wa stempu. Ni asilimia 1 ya pango la mwaka: pango likiwa 800,000 kwa mwezi, mwaka ni 9,600,000 na ushuru ni 96,000. Watu wanakwepa hii hela ndogo, halafu siku ya ugomvi mahakama haiupokei mkataba kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu. Mkataba wa miaka mingi usiishie kwenye droo, uupeleke ukasajiliwe.

Halafu kuna mita ya LUKU. Ukinunua umeme utaona 1,500 imekatwa kila mwezi, au 7,500 kwa kila ghorofa kama nyumba ni ya ghorofa. Hiyo ni kodi ya jengo, inakusanywa kwa njia hiyo tangu Agosti 2021, na ni deni la mwenye nyumba, si lako. Nyumba ikiwa imekaa tupu miezi kadhaa, mpangaji mpya ndiye anayekutana na limbikizo. Andikeni kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye pango. Ankra ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, nayo iombe ya mwezi uliopita kabla ya kuingia, na kama nyumba iko juu ya mawe uliza maji yanapanda siku ngapi kwa wiki na pampu ni ya nani ikiungua.

Waliooa au kuolewa na Watanzania wanapumua kidogo. Mwenza wako raia anaweza kuwa na hati kwa jina lake, na kile kifungu cha 59 kinakulinda: hawezi kuiuza nyumba mnayoishi bila wewe kukubali, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili. Kinga hiyo ni ya kukaa humo, haikufanyi mmiliki. Wengine wanaandika kiwanja kwa jina la mtoto. Sawa, mtoto wa mzazi Mtanzania ni raia. Ila Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo akifikisha miaka 18 itabidi achague pasipoti. Akichagua ya kwenu, hiyo hati inaweza kuwa na swali lilelile ulilokuja nalo wewe, na afadhali suala hilo mlizungumze mezani nyumbani sasa hivi kuliko kunisubiri mimi.