Je, wajua seli ya moyo huwa haikigusi chuma kilichopandikizwa?

Weka seli za misuli ya moyo juu ya kioo kitupu cha maabara, katika maji yasiyo na protini za damu. Nyingi hubaki duara, hazishiki vizuri. Kipake kioo hichohicho fibronektini, protini inayoziunganisha seli na tishu zilizozizunguka: zitajishikiza, zitajitandaza, kisha zitaanza kudunda, kwanza kila moja kwa mdundo wake, halafu zikishagusana zinadunda pamoja.

Ndivyo inavyokuwa hata mwilini. Kipandikizi cha titani, aina ya chuma, kikiingia, protini za damu hukifunika ndani ya sekunde chache, muda mrefu kabla ya seli kufika. Seli inakuta protini, wala haikuti titani. Kemia ya uso ndiyo inayoamua ni protini zipi zitabaki na zitalala vipi. Uso usiopenda maji, kwa mfano, huzing'ang'ania na mara nyingi huzikunjua, umbo lao likapotea.

Na umbo ndilo jambo lenyewe. Seli hushika kwa vipokezi viitwavyo integrini, navyo havitafuti protini nzima. Mwaka 1984, watafiti Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba asidi amino (vijenzi vya protini) tatu zilizofuatana ndani ya fibronektini, yaani arijinini, glisini na asidi aspatiki, ndizo kiini cha mshiko huo. Kipande hicho kikijificha, integrini hazina pa kushika. Kikiwa wazi, hukusanyika hapo na kuzikaza nyuzi za aktini, protini inayoisaidia seli kujivuta, ndani ya seli, na seli ya moyo isiyo na pa kujikazia haiwezi kuvuta kwa nguvu.

Hivyo basi wataalamu hukigandisha kipande hicho peke yake juu ya titani. Wengine huchora mistari: mmoja wa fibronektini, unaofuata wa polietileni glaikoli, ambayo protini haziikalii. Seli hujipanga kwenye mistari inayoshikika na kujikunja kuelekea upande mmoja, kama misuli halisi.

Tatizo ni kwamba kipande hicho hakichagui. Seli zinazotengeneza kovu hukishika vilevile, na chembe sahani za damu, zile zinazoigandisha damu, nazo zina integrini inayokitambua, jambo la hatari kwa stenti, yaani kibomba kinachouweka wazi mshipa wa damu kutoka ndani. Kwa stenti, watafiti wamejaribu kipande kingine chenye asidi amino nne, ambacho seli za utando wa ndani wa mshipa hukishika na chembe sahani hukipita.