Bakuli lako halikulipuliwa na hewa

Jamani, hewa hailipui bakuli. Nimelisema kwenye darasa langu la ufinyanzi, nimelisema kwenye kundi la WhatsApp, nimelisema nikiwa nimejikunja ndani ya tanuri nikiokota vigae huku mwenye bakuli amesimama nyuma yangu akisikitika: "Mwalimu, hapo kuna hewa ilibaki. Sikukanda vya kutosha." Juzi nimetumiwa na video kabisa. Jamaa ana aproni safi kuliko shuka zangu, anaeleza namna kiputo kimoja kinavyoweza kusambaratisha tanuri zima. Kwa hiyo leo naandika mara moja, ili mtu akiniuliza tena Jumamosi nimpe simu asome, mimi niendelee na chai yangu.

Kinacholipua ni maji.

Tuitendee hewa haki kwanza. Tuseme kweli umefungia kiputo katikati ya kitako. Ukikipasha moto kutoka nyuzi 20 mpaka 900, shinikizo lake linafika kama mara nne ya lilipoanzia, na kufika huko kunachukua saa nyingi. Hiyo ni hesabu ya chupa iliyozibwa. Udongo mkavu una vinyweleo kila mahali, na hata ukitoka kwenye uchomaji wa kwanza bado unanyonya maji, ndiyo maana glezi, ule mpako unaogeuka kioo tanurini, inashika. Penye njia ya maji kuingia pana njia ya hewa kutoka.

Maji ni habari nyingine. Yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Yakinyimwa, kwenye nyuzi 180 yanasukuma kwa nguvu kama mara 10 ya hewa inayotuzunguka, na kwenye nyuzi 212 imeshakuwa kama mara 20. Ni bisi tu. Punje ya mahindi inapasuka karibu na nyuzi hizo hizo 180 kwa sababu ya maji yaliyofungiwa ndani ya ganda, na sijawahi kumsikia muuza bisi wa stendi akilalamika kwamba punje zake hazikukandwa.

Kama huniamini mimi, amini masikio yako. Bakuli linalolipuka linalipuka mapema, tanuri likiwa bado jeusi ndani. Unasikia "pa!", kisha vigae vikigonga kuta. Kama mkosaji angekuwa hewa, hatari ingepanda pamoja na joto na mlipuko ungengoja nyuzi 800 au 900. Huko juu nyufa zipo, glezi kuchuruzika na kugandisha kikombe kwenye rafu ipo, lakini "pa!" hakuna.

Na kundi jipya linapoanza huwa natengeneza tufe la udongo, tupu ndani, nimeliziba pande zote bila hata tundu la sindano. Kwa hesabu za yule wa aproni, hiyo ni hewa ya kutosha kuhamisha nusu ya mtaa wetu wa Njiro, hapa Arusha. Nalikausha mpaka nachoka kulitazama, nalichoma polepole pamoja na vikombe vyenu, linatoka zima. Watoto wa jirani wanayachezea uani.

"Basi kwa nini unatukandisha mpaka mabega yanauma?" Swali zuri, na hapa ndipo watu wanapodhani wamenibana. Tunakanda ili udongo uwe na ulaini mmoja. Huu wetu mwingi tunaufufua kwenye ndoo kutoka kwenye mabaki, kwa hiyo una sehemu za tope na sehemu ngumu kama kokoto. Kwenye gurudumu jicho halisaidii sana, vidole ndivyo vinavyosoma. Ukivuta ukuta ukakutana na donge gumu, ukuta unayumba na mdomo unakwenda upande. Kiputo kinafanya fujo hiyo hiyo kwa njia nyingine: vidole vinapita juu yake, udongo pale unabaki mwembamba upande wa ndani au wa nje, na mzunguko wa pili unachanika. Kwa hiyo ndiyo, hewa inakera. Inakukera kwenye gurudumu, leo, ukiwa na matope hadi kwenye viwiko. Ukikihisi kiputo, kitoboe kwa sindano, bonyeza, endelea. Huna haja ya kubomoa chungu na kuanza upya.

Kuyumba kwa donge lako la udongo kwenye gurudumu pale mwanzoni, kabla hujalifungua tundu katikati, nako hakutokani na hewa. Viwiko kwenye mapaja, mikono isikubali kusukumwa, maji kidogo, pumua. Hayo nimeshayasema mno.

Kinachoniudhi si ujinga wa fizikia. Fizikia hata mimi nilikimbia shuleni. Kinachoniudhi ni kwamba imani hii inamtoa mtu kwenye mstari. Mwanafunzi anakanda karibu nusu ya kipindi, jasho linamtoka, na mwisho anaona ameshalipa deni lote: udongo hauna hewa, kwa hiyo uko salama. Kisha anavuta bakuli lenye ukuta wa milimita 5 na kitako cha sentimita 2, kwa sababu anaogopa kukitoboa. Nikimwambia akichonge kwa kisu wiki ijayo kipungue unene, anasema anapenda kikiwa kizito, "kinakaa vizuri mezani". Halafu anataka bakuli lichomwe haraka maana kuna sendofu ya mdogo wake. Mwalimu choma tu, nimekanda mwenyewe.

Aisee, kukanda hakukaushi.

Maji yanatoka kupitia uso wa udongo, na yaliyo katikati lazima yatembee mpaka yaufikie. Unene ukizidi mara mbili, muda wa kusubiri unakaribia mara nne. Kwa hiyo bakuli hilo lina kuta ambazo zimekauka siku nyingi na kitako ambacho ndani yake bado ni shamba la mpunga, na vyote vina rangi ile ile nyeupe-nyeupe. Likilipuka, tazama vigae: mara nyingi kuta zimesimama, kitako ndicho kimefumuka. Na kwa kuwa sehemu nene ndiyo pia inayoficha viputo, mtu anaokota kipande, anaona kishimo, anapiga kelele "hewa hii hapa!" Ushahidi umekamilika, mshitakiwa anyongwe.

Sitaficha upande wa pili. Wapo wafinyanzi wenye uzoefu wanaosema kishimo ndani ya udongo nene wenye unyevu kinaweza kuwa mahali pa mvuke kujikusanya, na kwamba kwa hiyo viputo vina mchango. Siwezi kuwaita waongo. Lakini hata kwa maelezo yao, ondoa maji na kishimo kinabaki kishimo tu.

Sasa, "kavu" ni nini? Hapa vitabu vinapita mbio. Udongo unasinyaa wakati maji yaliyo kati ya chembe yanaondoka, mpaka chembe zigusane. Zikishagusana kusinyaa karibu kunakoma, ila maji yangali kwenye vinyweleo. Ukiliangalia bakuli linaonekana limemaliza. Liweke shavuni: likiwa la baridi, bado linapumua maji. Au chukua mizani ya jikoni, lipime leo, lipime kesho. Likipungua, bado. Mizani haina haraka ya sendofu.

Kisha kuna hewa ya mji wenyewe, maana udongo haukauki kuliko hewa iliyouzunguka. Januari hapa Arusha, upepo mkavu na vumbi, bakuli lililotengenezwa Jumamosi linaweza kuwa gumu mno kuchongwa kabla Jumamosi nyingine haijafika. Aprili, masika yamepamba moto na Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, bakuli hilo hilo linakaa rafuni likiwa na unyevu ambao hautatoka hata ukilisomea dua. Udongo uwahi ungali maji, wahenga walisema, lakini hawakuwa na darasa la mara moja kwa wiki. Ndiyo shida kubwa ya mpango wetu, kubwa kuliko hewa yoyote: udongo unataka uchongwe siku yake, sisi tunakutana siku yetu. Zamani tulifunika kwa mifuko ya rambo. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019 natumia nailoni za magodoro, na kusema kweli ni bora, ni nzito na haziingizi upepo. Funika mdomo vizuri zaidi, kitako kipate nafasi. Wengi wenu mnafanya kinyume kwa sababu mdomo ndio mzuri, mnataka kuutazama.

Na hilo linanileta kwenye ule ufa wa kitako wenye umbo la S, ambao nao mnausingizia hewa. Sababu yake? Kitabu kimoja kitakuambia hukubana kitako baada ya kufungua donge, chembe zimebaki legelege. Kingine kitasema uliacha dimbwi la maji ndani. Kingine: mdomo ulikauka na kusinyaa kwanza, kitako kilipokuja kusinyaa kikakuta kuta zimeshakaza, kikararuka. Kila kimoja kinasema kwa sauti ya hakimu. Mimi nafundisha kubana kitako, nanyi mmeniona nikipita na kipande cha mbao nikikandamiza katikati kwenda nje na kurudi. Lakini nimeshabana mabakuli yakapasuka, na nimeshaona ya wavivu ambao hawakubana kitu yakitoka safi. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ukaushaji, kwa kuwa mabakuli yaliyofunikwa vizuri hupona mara nyingi zaidi, yaliyobanwa na yasiyobanwa. Kubana naendelea nako kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Wengine mtaniuliza: mbona akina mama wa Usangi, Upareni, au Wakisi wa kule Matema, Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu kwenye moto wa wazi bila pyrometa, yaani kipimajoto cha tanuri, na joto linapanda haraka kuliko kwetu? Kwanza, hawana kitako cha sentimita 2. Wanaofinyanga kwa mkono huvipara vyungu mpaka unene ulingane kila mahali. Pili, udongo wenye mchanga au vigae vilivyotwangwa una njia pana, mvuke unapita. Huu wetu tumeuchuja ukawa laini ili usiwachune viganja kwenye gurudumu, na ulaini huo tunaulipia tanurini. Ukitaka kuchoma kwa haraka, kubali kuchunika.

Tanuri letu sasa. Usiku wa kwanza naliacha kwenye nyuzi 80 hivi, mlango nimeuegesha, mvuke utoke. Vitabu vingi vinasema usivuke 100 mpaka maji yaishe, ila viliandikwa na watu wa pwani. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95. Moshi, wako chini yetu, ni kama 97. Tofauti ndogo, lakini pyrometa yangu nayo ina uongo wake wa nyuzi kadhaa, na mbili hizo zikikutana unajikuta umechemsha kitako cha mtu huku ukidhani unakipasha. Naweka kioo cha mfukoni kwenye tundu la juu. Kikipata ukungu, nasubiri. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi yanatoka maji ya pili, yale yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, na 573 mchanga unabadilika umbo kwa ghafla. Hayo ni ya darasa la mbele. Huko tunaogopa nyufa.

Umeme ukikatika katikati ya usiku wa kwanza, hakuna hasara. Ukikatika kwenye 900, nakunywa maji nalala.

Kwa hiyo kwenye rafu mtaona vibandiko. Rafu ya juu ni vitu vilivyopita mizani siku mbili mfululizo bila kupungua, hivyo vinaingia Jumamosi hii. Rafu ya chini ni vitako vinene ambavyo wenyewe mmekataa kuvichonga. Vitangoja, na msinipigie simu. Anayetaka cha kwake kipande juu aje na kisu cha kuchongea kabla hakijawa jiwe.