Kengele za minara ya Uingereza: sikio linatafuta wimbo usiokuwepo

"Wanagonga ovyo tu." Ndivyo husema wengi wakipita chini ya mnara wa kanisa huko Uingereza Jumapili asubuhi, na siwalaumu. Sikio linatafuta wimbo, haliupati. Wimbo haumo kabisa. Kinachopigwa ni hesabu.

Kila kengele hulia mara moja katika kila raundi, kisha mpangilio hubadilika. Chukua kengele nne: 1234, halafu 2143, halafu 2413, halafu 4231. Ifuate namba 1 kwa kidole, utaona inarudi nyuma nafasi moja moja. Kuruka mbili haiwezi, kwa sababu ya uzito. Kengele imefungwa kwenye gurudumu, mdomo ukielekea juu. Kamba ikivutwa huzunguka duara zima, na ikivutwa tena huzunguka kurudi. Ikishaanza kushuka huizuii. Nafasi ya mpigaji ni pale juu tu inapokaribia kusimama: aicheleweshe kidogo au aiwahishe kidogo. Mimi hilo hunishangaza kila nikilifikiria.

Tena mpangilio haurudiwi. Kengele saba zina mipangilio 5,040, kazi ya takriban saa tatu. Nane zina 40,320, na mwaka 1963 watu wanane kule Loughborough waliipiga yote bila kupokezana, karibu saa 18.

Wengine hudhani wapigaji husoma noti. Hawana karatasi mbele yao. Kila mmoja amehifadhi kichwani njia ya kengele yake, huku macho yakifuata kamba za wenzake.

Na misuli je? Kengele nzito kuliko zote zinazozungushwa hivi katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Liverpool ina zaidi ya tani 4, lakini kengele za kawaida hupigwa na watoto wa shule na wazee pia. Kinachotakiwa ni kuvuta kwa wakati wake. Anayeng'ang'ana kwa nguvu ndiye wa kuhofiwa, maana anaweza kuvunja kizuizi cha kengele na kamba ikamrusha juu.

Dhana ya mwisho ni kwamba kengele hizo ni mali ya waumini peke yao. Juni 1940 serikali ilizinyamazisha nchi nzima, zibaki za kutangaza uvamizi wa Wajerumani. Uvamizi haukuja. Novemba 1942, baada ya ushindi wa Waingereza huko El Alamein, Misri, ziliruhusiwa kulia, na waliosali na wasiosali wakazisikia pamoja.