Je, mparachichi usiozaa ni dume?

Ukizunguka Rungwe au Njombe utasikia mparachichi unaochanua kila msimu bila kushika matunda ukiitwa dume. Wapo wanaoshauri upigiliwe misumari kwenye shina, na usipozaa, ukatwe. Mti huo unaonewa. Hakuna mparachichi dume, wala hakuna mparachichi jike.

Imani hii haikutoka hewani. Mipapai ina miti dume na miti jike kwelikweli, na aliyewahi kung'oa mpapai dume huhamishia elimu ile ile kwenye mparachichi. Lakini chuma shada moja la maua ya mparachichi, yale madogo ya rangi ya kijani-manjano, uyachunguze: kila ua lina sehemu ya kike na sehemu ya kiume. Kwa hiyo mti unaoitwa dume una maelfu ya maua yenye uwezo wa kuwa tunda.

Ajabu yake ni kwamba sehemu hizo mbili hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ua hufunguka mara mbili tu. Mara ya kwanza ni la kike: stigma, kile kijiti cheupe cha katikati, iko tayari kupokea chavua, ule unga wa kiume wa maua, na stameni, vijiti vinavyoutoa, zimelala pembeni. Kisha ua linajifunga. Siku inayofuata linafunguka tena likiwa la kiume, stameni zimesimama na kutoa chavua. Ni kama nyumba ambayo leo inapokea wageni tu na kesho inasindikiza tu. Anayebisha hodi siku ya kusindikiza hapati wa kumpokea. Na maua ya mti mzima hufuata zamu moja, kwa hiyo saa ambayo maua yanahitaji chavua, mti wenyewe huwa na chavua kidogo mno.

Tofauti ya aina ina maana kubwa hapa kuliko ile ya ganda tunayoizoea, kwamba Hass hugeuka jeusi likiiva na Fuerte hubaki la kijani. Hass ni kundi A: maua yake huwa ya kike asubuhi, na hurudi yakiwa ya kiume mchana wa siku ya pili. Fuerte ni kundi B: ya kike mchana, ya kiume asubuhi inayofuata. Asubuhi Fuerte hutoa chavua wakati Hass inaihitaji, na mchana Hass hulipa. Mbebaji ni nyuki na wadudu wengine, kwa hiyo anayepulizia sumu wakati wa maua anajinyima matunda kwa mkono wake.

Ratiba hii hutegemea joto. Kwenye baridi ya Njombe au Mufindi maua huchelewa na zamu hupishana vibaya, hadi mti mmoja ukawa na maua ya kike na ya kiume kwa pamoja. Ndiyo maana Hass peke yake shambani huzaa, na faida ya kuichanganya na Fuerte hutofautiana sana kati ya shamba na shamba. Baridi hiyo hiyo huwafanya nyuki wabaki mzingani, na maua ya kundi B huumia zaidi, mengine yakikosa kabisa zamu ya kike.

Zipo sababu nyingine pia. Mti wa mbegu huchukua miaka mingi kuanza kuzaa, lakini mti uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo (kipande cha tawi) cha mti mwingine, huanza mapema, mara nyingi mwaka wa tatu au wa nne. Mti uliobeba sana mwaka jana unaweza kupumzika mwaka huu. Hata mti wenye afya huangusha karibu maua yote. Yanayofikia kuwa tunda hayatimii moja kati ya mia.

Kabla ya kushika shoka, tazama maua saa tatu asubuhi, kisha saa tisa alasiri, siku yenye jua. Yakiwa ya kike asubuhi, mti ni kundi A; yakiwa ya kike mchana, ni kundi B. Ukishajua, bebesha kikonyo cha kundi lingine kwenye tawi moja la mti huo huo. Usihofu kwamba chavua ya Fuerte itabadilisha Hass yako: ganda na nyama ni vya mti mama, chavua huchangia kwenye mbegu tu.