Rosa alikosa au alikosewa?

Ukitaka ubishi kwa watu wanaosoma vitabu vya Kiswahili hapa Mwanza, taja Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na Jumamosi jioni nakutana na kikundi cha watu wazima wanaosoma kwa hiari yao. Sijaona riwaya nyingine ambayo mtu mmoja anaiita uchafu, na jirani yake aliyeshika nakala ileile anaiita kitabu kilichomfundisha kulea. Ubishi huu una zaidi ya miaka 50, na chanzo chake kimo ndani ya kitabu chenyewe.

Kwa ambaye hajaisoma, natoboa mpaka mwisho, maana ugomvi wote uko mwisho. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, wa kijiji cha Namagondo huko Ukerewe, kijiji hichohicho alichozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Zakaria ni mlevi na mkali, Regina ndiye anayeibeba nyumba. Kijana aitwaye Charles anamwandikia Rosa barua, baba anaipata, na binti anapigwa kipigo kibaya. Anavuka ziwa kuja kusoma shule ya wasichana ya Rosary hapa Mwanza, akiwa msichana anayeogopa wavulana. Halafu woga unakatika kama kamba. Anaanza Deogratias, wanafuata wengine, mpaka chuo cha ualimu Morogoro. Rosa anatoa mimba. Baadaye anatulia, anaanza upya, Charles anarudi maishani mwake na uchumba unafungwa. Lakini Charles anataka bikira. Anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Kisha Kezilahabi anafanya jambo ambalo wasomaji wa mwaka 1971 hawakuwa wamelizoea: anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika, na ukisikiliza vizuri utaona kwamba wengi wanatetea nafasi zao nyumbani. Mzazi anasimama na Zakaria, hata kama anachukia ulevi wake. Binti anasimama na Rosa. Wazee wa Ukerewe ninaowafahamu wana uchungu wa tatu: kwamba kisiwa chao kimeanikwa mbele ya nchi nzima, na kijiji kikatajwa kwa jina. Wakatoliki wengine wanaumizwa na jina la kitabu, maana ni sifa ya Bikira Maria iliyomo kwenye litania, na hapa amepewa msichana mwenye maisha kama yale. Siwalaumu. Ila naona Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi hapahapa jirani, alilichagua jina hilo kwa makusudi na kwa heshima. Alitaka tumtazame binti huyu kama mtu mwenye thamani hata pale kijiji kinapomtema mate.

Turudi kwenye barua, maana hapo kuna utajiri mwingi kuliko watu wanavyodhani. Tulipofika sehemu hiyo kwenye kikundi, mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aliweka kidole kwenye ukurasa na hakukitoa. Akasema, "Mwalimu, mtoto ameletewa barua. Hajaijibu. Anapigiwa nini?" Mzee mmoja mstaafu akamjibu kabla yangu: "Mama, mimi wangu nilimchapa kwa barua kama hiyohiyo, na leo ni nesi. Mbona hakuharibika?" Kikao kilisimama pale karibu nusu saa.

Nikawaomba wasome tena, polepole, wakiangalia Rosa anajifunza nini kwenye kipigo kile. Hafundishwi kwamba mapenzi yana wakati wake, wala namna ya kumkataa mwanamume anayemtaka kwa nguvu au kwa ulaghai. Anachofundishwa ni kwamba kuonekana na mvulana ni hatari. Basi anaogopa kuonekana. Akifika Mwanza, ambako baba hayupo, hatari imeondoka na ndani hakuna kitu kilichobaki cha kumwongoza. Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wetu, na nililitoa kwa heshima zote, shikamoo zikiwa zimeshatangulia: riwaya haisemi kila anayechapwa atapotea. Inasema fimbo ya Zakaria iliacha shimo, na haikuweka kitu cha kulijaza. Binti yake nesi huenda alipata kwa mama yake au kwa shangazi kile ambacho Rosa hakukipata.

Kuna jambo jingine la mwaka ule linalonigusa. 1971, mwaka kitabu kilipotoka, ndio mwaka wa Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Yaani binti wa umri wa kupigwa kwa kupokea barua aliweza kuwa mke wa mtu kisheria, ilimradi baba amekubali. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Wanafunzi wangu wakijua haya, wanaacha kumsoma Zakaria kama zimwi. Wanamwona baba aliyelelewa kuamini kwamba mwili wa binti uko chini ya uamuzi wake. Na suala la mimba ni vivyo hivyo. Msichana aliyepata mimba masomoni enzi hizo alijua masomo yamekwisha. Ni mwaka 2021 tu ndipo serikali iliporuhusu rasmi waliojifungua kurudi shuleni. Ukiondoa hofu hiyo kwenye hesabu, uamuzi wa Rosa unaonekana ukatili mtupu. Ukiirudisha, unabaki kuwa kosa zito la mtu aliyebanwa pande zote.

Sasa niseme kinachoniudhi. Katika ubishi huu wote, wanaume wa kitabu wanapita salama. Tunauliza: ni Rosa au ni Zakaria? Nani anamuuliza Deogratias? Nani anamuuliza Charles? Charles hapigi mtu, halewi, anaonekana muungwana, na ndiye anayetoa hukumu ya mwisho hapa duniani. Anatumia kipimo kilekile cha Zakaria, kwa sauti ya upole. Kwa Zakaria barua ilitosha kumfanya binti mchafu. Kwa Charles, ubikira ukikosekana, mtu mzima mwenye kazi, toba na mapenzi hahesabiki tena. Nikiwagawa wanafunzi kuandaa hoja za kumtetea kila mhusika, wavulana humkimbilia Charles wakidhani ni rahisi. Baada ya dakika 20 wanakwama, kwa sababu hawapati sababu moja ya kumwacha Rosa ambayo wao wenyewe wangekubali kupimwa nayo.

Kuhusu marufuku sitakaa sana. Riwaya ilipotoka ilizuiwa kutumika shuleni kwa sababu ya kueleza mambo ya ngono waziwazi, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Nimeisoma mara nyingi na sijaona ukurasa unaomtamanisha msomaji. Kinachowaumiza watu ni kwamba mambo yanatajwa kwa Kiswahili chepesi, cha sentensi fupi, bila kufunikwa na mafumbo. Msomaji aliyezoea Shaaban Robert, ambako wema unajulikana kwa jina na mwisho unalipwa, alijikuta hana pa kujificha. Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yameletwa na vijitabu vya majibu vinavyouzwa mitaani. Humo dhamira zimepangwa moja mpaka nane, na funzo ni "wasichana wajitunze". Mwanafunzi anakariri, anafaulu, na hajawahi kusikia Rosa akizungumza.

Lipo shambulio moja ninaloliheshimu sana, na linatoka kwa wasomaji wanawake vijana. Wanasema: mwandishi mwanaume amemwumba msichana mwenye akili, akampitisha kwenye mikono ya wanaume, kisha akamuua. Kwa nini asimwache aishi, afundishe, azeeke? Miaka ya mwanzo nilikuwa nawajibu haraka mno. Sasa nawaomba wasome Kichwamaji, riwaya yake ya mwaka 1974. Humo mhusika mkuu ni Kazimoto, kijana wa kiume, msomi, na yeye pia anajiua. Kwa hiyo kifo cha Rosa si adhabu iliyotengwa kwa mwanamke mzinzi. Kezilahabi alikuwa anauliza, tangu kitabu cha kwanza, kama mtu aliyekatwa na jamii yake bado ana sababu ya kuendelea kuishi, na aliliuliza swali hilo kwa jinsia zote mbili. Hata hivyo nakubaliana nao nusu. Kazimoto anakufa kwa mawazo yake mwenyewe. Rosa anakufa kwa mawazo ya wengine juu yake. Tofauti hiyo ipo, na mwandishi hakuimaliza. Tafsiri ya Kiingereza ya Jay Boss Rubin imetoka mwaka 2025, na nina hamu ya kuona wasomaji wa mbali, wasiomjua Zakaria yeyote, wataupokeaje mwisho huu.

Wazazi wananiuliza mara kwa mara binti asome akiwa na umri gani. Mimi nasema kidato cha tatu, si kabla, na mzazi asome kwanza, tena baba hasa. Msimalize kwa siku moja. Mkifika kwenye barua, simameni, na baba amwulize binti yake angependa afanye nini siku ikija barua kama ile, kisha anyamaze asikilize jibu lote. Mkifika Morogoro huenda binti ataona aibu kuzungumza mbele ya baba. Hapo mama au shangazi aingie. Sehemu ya Rosa kujiua someni pamoja, msimwachie mtoto peke yake usiku na ukurasa ule. Na kwenye kesi ya mbinguni, kila mmoja aandike hukumu yake kwenye karatasi kabla ya kusikia ya mwenzake.