Kughushi ni nini, na aliyeipeleka tu karatasi anaingiaje?

Mzee alizikwa Machi. Hati ya mauziano ya kiwanja chake ina sahihi yake ya Juni, na muhuri wa serikali ya mtaa umekaa vizuri kabisa pembeni. Ukoo ukikaa kikao, swali la kwanza huwa "nani kasaini?" Kwa sheria ya Tanzania, hiyo ni nusu tu ya kesi.

Neno la mahakamani ni kughushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333, inasema ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Wengi wakisikia hivyo humuwaza mchonga mihuri wa kichochoroni. Lakini si lazima karatasi yote iwe feki. Mkataba halali ulioongezewa sifuri moja kwenye bei baada ya mwenzako kusaini, yeye hana habari, umeshageuka nyaraka ya uongo. Kumsainia dada aliyeko Mwanza ili fungu lake limpite ni hivyo hivyo, hata kama hakuna muhuri uliochongwa.

Kinachotazamwa ni kama karatasi inajisemea uongo yenyewe, yaani inadai imetoka kwa fulani na wala haikutoka kwake. Hapa ndipo watu huchanganya. Anayejaza taarifa za uongo kwa jina lake mwenyewe hadi akapewa cheti, cheti chake kimetoka ofisini kweli, na muhuri ni wa kweli. Huyo kosa lake ni jingine: kujipatia usajili kwa udanganyifu, ambalo kifungo chake ni mwaka mmoja. Binafsi naona ni kidogo mno, maana cheti cha namna hiyo ndicho kigumu kuliko vyote kugundulika.

Kughushi kwa kawaida ni miaka 7. Uzito hupanda kulingana na karatasi yenyewe: ikiwa ni wosia, hati ya umiliki wa ardhi au kumbukumbu ya mahakama, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa turudi kwa yule aliyeipeleka. Kuna kosa linaloitwa kuwasilisha nyaraka ya uongo, na adhabu yake ni ile ile ya aliyeighushi. Ndiyo maana hati za mashtaka mara nyingi huwa na makosa hayo mawili yakifuatana, shtaka la kwanza na la pili. Upande wa mashtaka ukishindwa kuonyesha kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, bado unaweza kuonyesha ni nani aliyeibeba hiyo hati hadi dirishani kwa Msajili wa Hati, akijua kilichomo. Hilo "akijua" ndilo linalopiganiwa. Mnunuzi aliyeuziwa bila kujua ni shahidi, si mshtakiwa.

Ofisa aliyepitisha faili huku akifumba macho kwa maslahi yake au ya mtu mwingine anaweza kukutana na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Matumizi mabaya ya madaraka ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Akiwa ameshiriki kughushi, hesabu yake ni ile ile ya wenzake walioghushi.

Tuliiona miaka 7 ikitajwa hadharani Aprili 28, 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Aliwapa hadi Mei 15 waondoke wenyewe, la sivyo mahakamani. Mwaka 2022 Serikali ikakubali warudishiwe michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii.

Wanasema jinai haiozi, na kweli: sahihi ya Juni inaweza kufunguliwa kesi hata baada ya miaka mingi. Ila kumfunga aliyeghushi, hata akiwa kaka mkubwa, hakurudishi kiwanja. Jina kwenye daftari la ardhi linabaki lilivyoandikwa mpaka lirekebishwe, na kwa hilo familia hufungua shauri la madai, peke yake, kwa gharama zake, mnunuzi naye akiwa ameshamwaga kokoto za msingi.