Unene wa boflo hauna kosa
Wengi hapa Unguja wanaamini boflo la thomu, yaani mkate wa kupakwa siagi ya kitunguu thomu, likikatwa vipande vinene haliivi ndani, na bila ya oveni ndiyo basi tena. Haliivi vipi? Limeshaiva kwa muokaji! Linataka kupata moto tu. Kinachoharibu ni thomu: mbichi, imepondwa, ikikutana na moto mkali huungua haraka ikawa chungu.

Mimi hukata vipande vya unene wa vidole viwili, nikaponda thomu na chumvi, nikaichanganya na siagi laini na kotmiri, nikavipaka vipande. Sufuria kavu, makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Kando inalia karakara, kati bado inabonyea. Nikiwa na pupa, naunguza.